Aliyeniosha Udongo

Walikale, tarehe 4 Februari 2024

Dada yangu Pétronille,

Nakusalimia wewe, shemeji Paul, binti yenu Brigitte na majirani wote wa pale karibu na kanisa. Natumaini maharagwe ya mwezi wa kwanza yalikauka vizuri mbele ya mvua kurudi. Mimi niko muzima. Nasema hivyo kwanza ili usome barua hii umekaa.

Utaona kama huu si mwandiko wangu. Mukono wangu wa kuume umefungwa mpaka kwenye bega, na anayeandika ni infirmière, muuguzi wa hapa hospitali. Mimi nasema, yeye anaandika.

Tarehe 17 ya mwezi uliopita, kule Omate, shimo ya dhahabu ilituangukia. Tulikuwa watatu. Wenzangu wawili walikuwa karibu na mulango, wakatoka. Mimi nilikuwa chini kabisa. Walichimba kunitafuta tangu asubuhi mpaka saa kumi. Waliponitoa, muguu wa kuume ulikuwa umevunjika pahali pawili na mukono umepondeka. Walinibeba kwenye machela ya miti mpaka barabarani, kisha wakaniweka kwenye moto, ile pikipiki ya kubeba watu, katikati ya dereva na muntu wa kunishika, mpaka hapa Walikale.

Dada, usije. Samy, dereva wa moto anayekuletea barua hii, atakueleza namna njia iko pale Kalembe. Wiki moja inafunguka, wiki mbili vita inaifunga. Na simu ya upande wenu imekufa tangu Noeli, njo maana nakuandikia.

Hapa kila mugonjwa iko na muntu wake wa kumupikia na kumugeuza kitandani. Mimi sina. Siku za kwanza nilifikiri dawa itaniponesha na njaa itaniua. Lakini sijalala njaa hata siku moja. Huyu anayeandika ananiletea uji kutoka kwake, katika thermos. Hataki niseme habari hiyo. Nimemuambia barua ni yangu, aandike tu.

Usilie mbele ya watoto. Niombee muguu.

Mudogo wako,
Raphaël

(Imeandikwa na infirmière wa salle ya wagonjwa wanaume.)


Kashuga, tarehe 26 Februari 2024

Mudogo wangu Raphaël,

Sote tunakusalimia. Paul iko muzima, anakohoa tu asubuhi. Brigitte ameingia mwaka wa tano wa sekondari na sasa anajua kila kitu kuliko sisi. Maharagwe tulivuna, si mabaya, na tumeanza kupanda ya msimu wa pili.

Barua yako niliisoma nimekaa, kama ulivyotaka. Kisha nikasimama nikaisoma tena. Nilikuambia mwaka juzi nilichokuambia juu ya mashimo. Sitarudilia. Mugonjwa hapigwi na maneno.

Nilitaka kuja hata hivyo. Nilifunga kitenge na sufuria, nikafika na Paul mpaka Kalembe kwa muguu. Walinzi wa kizuizi wakaturudisha. Tulikaa pale siku mbili tukiangalia barabara, hakuna aliyepita. Nilirudi nikijua ndugu yangu analala upande mumoja na hakuna muntu wa damu yake wa kumugeuza. Nilipofika nyumbani nilifungua tena barua yako, na ndani yake huyo mwanamuke na thermos yake. Sijui nikuelezeje. Nilikaa chini jikoni nikaishika tu hiyo karatasi.

Samy anakuletea maharagwe na unga wa mihogo. Tena iko fromage moja nzima, jibini ile ya mashamba ya ng'ombe ya juu. Fromage si yako. Ni ya infirmière. Mwambie amenikalia pahali pangu, na mimi nimejua.

Uniandikie jina yake. Nataka kuomba misa ya shukrani, na katekista anaandika jina kwenye daftari kabla ya padri kusoma.

Dada yako,
Pétronille


Walikale, tarehe 20 Machi 2024

Dada yangu,

Leo nakusalimia kwa mukono wangu mwenyewe, njo maana herufi zinalala kama mahindi baada ya upepo. Docteur alifungua mukono wiki iliyopita. Vidole viwili havikunji, lakini kalamu vinaishika. Pole kwa kikohozi cha Paul. Mwambie Brigitte, hapa wanatafuta sana wasichana waliosoma.

Vyakula vilifika. Fromage pia. Infirmière aliikata vipande, akagawa kwa vitanda vyote vinane, na kipande cha mwisho akakifunga kwenye karatasi apeleke kwao. Mbele ya kukifunga alikinusa muda murefu. Nilimupa maneno yako. Alisema tu asante, akaendelea na kazi.

Unataka kujua ni muntu gani. Nitakuambia alivyofanya.

Siku waliyonileta, vitanda vilikuwa vimejaa. Waliniweka kwenye korido, juu ya sakafu. Nilikuwa udongo mutupu, nywele, macho, meno. Watu walikuwa wananiruka wakipita. Yeye alikuja na beseni ya maji ya moto, akapiga magoti, akaniambia ataanza na uso, na kama ananiumiza nifunge jicho, maana kuongea sikuweza. Alibadilisha maji mara tano. Mara ya tano maji yalibaki meupe. Akaniangalia vizuri, akasema, "Sasa nakuona."

Kila siku ya pansement, ya kubadilisha bandeji, anasema kwanza anachotaka kufanya. Hii itauma, hii haitauma. Dada, hakuna siku alisema haitauma ikauma. Zamani sikujua kama hiyo ni kitu kikubwa. Ukilala na muguu wazi mbele ya muntu mwenye chuma mukononi, unajua.

Kulikuwa na wiki moja nilikataa kula. Nilisema wakate muguu ao waniache nife. Wengine walinihubiria. Yeye alileta kiti, akakaa, akaanza kunikata kucha za mukono wa kushoto. Alipofika kidole cha tatu aliniuliza kama kucha zingine zibaki ndefu. Nilicheka, na baada ya kucheka nikalia, na alinipa nafasi ya kulia bila kuniangalia. Jioni nilikula.

Kama nina muguu leo, ni docteur aliyeutengeneza. Lakini kama bado ninautaka, ni yeye.

Juu ya jina, hapa sote tunamuita Madame. Misa unaweza kuomba hivyo hivyo. Mungu anamujua.

Sasa nafanya mazoezi ya kukaa kwenye ukingo wa kitanda. Chumba kinazunguka, kisha kinatulia. Mvua hapa haikatiki. Jirani yangu wa kitanda anaitwa Séraphin, anakoroma sana.

Raphaël


Kashuga, tarehe 15 Aprili 2024

Mudogo wangu,

Salamu kutoka kwetu sote, na pole na mazoezi. Kikohozi cha Paul kimepungua. Tunapalilia.

Misa ilisomwa Jumapili ya pili baada ya Pasaka. Padri alisoma, "kwa infirmière mumoja wa Walikale." Watu waligeuka kuniangalia. Mama mumoja nyuma yangu aliuliza kama huyo infirmière hana wazazi waliomupa jina. Nilipata haya.

Raphaël, mimi njo nilikulea Mama alipokufa. Tangu utoto, ukiwa na kitu umeficha, unaongea sana juu ya vitu vya pembeni. Umeniambia maji yalibadilishwa mara tano. Umeniambia kidole cha tatu. Umeniambia mpaka Séraphin anavyokoroma. Na jina hakuna.

Kama umemupenda, sema. Kama iko na bwana, sema pia, nijue namna ya kukuombea. Kama ni kitu kingine, sema tu.

Pétronille


Walikale, tarehe 2 Juni 2024

Dada yangu,

Nakusalimia, na nakuomba musamaha kwa wiki saba za kunyamaza. Njia haikufungwa. Samy alipita mara mbili, nikajifanya nimelala. Barua hii niliianza mara tatu nikapasua.

Jina yake ni Astrid. Ni binti ya Papa Théogène, jirani wetu wa zamani.

Sitaandika kama vile hujui. Wewe na mimi tunajua namna Papa yetu na Papa Théogène waligombana juu ya mupaka wa shamba ya chini, ile ya karibu na muto, tangu sijazaliwa. Tunajua mwaka wa 2011, fujo ilipopanda kilimani na watu wakagawanyika, wakubwa walituambia sisi vijana tuwatoe watu wa Papa Théogène, na tukaenda. Nilikuwa na miaka kumi na saba. Hatukuua muntu. Hilo njo neno nimekuwa najiambia miaka hii yote. Walitoka na vitu walivyoweza kubeba kichwani. Mimi nilipanda juu ya nyumba yao, nikang'oa mabati, nikayaleta kwetu, na Papa akaezeka nayo jikoni, akaanza kulima na shamba yao. Nilipokuwa juu, Astrid alikuwa amesimama barabarani, amebeba mudogo wake mugongoni, ananiangalia. Alikuwa na miaka kumi na mitano. Tangu siku ile sikumuona tena, wala sikuuliza wameenda wapi.

Hapa sikumujua. Amekuwa mwanamuke, amevaa blouse nyeupe, na mimi macho yalikuwa na udongo.

Nilijua mwisho wa mwezi wa pili. Muzee mumoja aliingia katika salle kumuletea mwavuli aliosahau nyumbani. Akasalimia kitanda kwa kitanda. Alipofika kwangu alisimama. Nikamujua, na yeye akanijua. Akasema, "Huyu si mutoto wa Kashuga?" Astrid alikuwa anapima homa ya Séraphin. Hakugeuka. Akajibu, "Ni mugonjwa wangu, Papa." Muzee akanipa mukono. Niliupokea kwa mukono wa kushoto, maana wa kuume ulikuwa bado umefungwa.

Kwa siku nyingi sikumuambia Astrid kitu. Aliendelea kama kawaida, maji, dawa, uji. Mimi njo nilishindwa. Kila alipogusa muguu nilitaka aniumize. Mwisho nilimuuliza alinijua tangu lini.

Alisema, "Siku ya kwanza. Fiche yako ya kuingia hospitali ilikuwa na jina, na jina ya baba, na kijiji."

"Na uliniosha hivyo hivyo?"

"Ulikuwa na udongo mpaka ndani ya masikio," akasema. "Ningekuacha vile?"

Kisha akafunga mulango wa kabati ya dawa na kukaa kwenye kiti. Aliniambia nisimushukuru mbio mbio, nisikie kwanza. Asubuhi baada ya kuniosha, alimuomba chef wake wa kazi amupeleke salle nyingine. Chef alikataa, watu hawakutosha. Na siku ya tatu, saa ya dawa ya maumivu ilipofika, alisimama kwenye korido na sindano mukononi, akinisikia nalia, na hakuingia. Alihesabu dakika kumi kwenye saa yake. Baadaye akaingia. Alisema zile dakika kumi njo zinamuamusha usiku, si mabati. Tangu hapo hakuchelewa tena, wala hakuomba tena kuhamishwa.

Nilimuambia kama yeye alikawia dakika kumi, mimi nimekawia miaka kumi na mitatu. Nikamuomba musamaha. Hakusema nimekusamehe, wala hakusema hapana. Alisema muguu unaanza kupata joto muzuri.

Dada, nilipokuandikia barua ya kwanza, nikataja jina yako na Kashuga, kalamu yake ilisimama. Nilifikiri amechoka. Aliniuliza tu kama Pétronille inaandikwa na l moja ao mbili.

Sasa neno la mwisho. Unakumbuka mama yake alikufa miaka miwili mbele ya wao kutoka, wakamuzika upande wa chini wa shamba yao, karibu na muto. Juu ya shamba Astrid hajaniuliza kitu. Ameuliza neno moja tu. Anataka kujua kama kaburi bado inaonekana. Nimemuambia nitakuuliza wewe.

Raphaël


Kashuga, tarehe 30 Juni 2024

Mudogo wangu,

Tunakusalimia. Barua yako ilifika. Maharagwe tumevuna, mengi kuliko mwaka jana. Paul anaendelea vizuri. Brigitte anafanya mitihani.

Juu ya ile uliyouliza, mvua imekuwa nyingi na njia ya chini inateleza. Nitaangalia.

Pétronille


Walikale, tarehe 21 Julai 2024

Dada yangu,

Salamu nyingi. Nimetoka hospitali tarehe 8. Natembea na fimbo moja. Omate sitarudi, muguu hauwezi na moyo hautaki. Mama Kavuo, mama mumoja wa Butembo mwenye duka hapa karibu na soko, amenipa kazi ya kukaa kwenye depo yake ya sabuni na mafuta. Nauza nikiwa nimekaa.

Astrid anapita kila Alhamisi akitoka kazini, anaangalia muguu, anaukunja na kuunyoosha. Hajauliza tena. Anafanya kazi yake, anaaga, anaenda. Lakini mimi ninajua Samy alileta barua, na yeye anajua kama ninajua.

Dada, unalima ile shamba kila msimu. Ni njia gani inateleza?

Raphaël


Kashuga, tarehe 18 Agosti 2024

Raphaël mudogo wangu,

Nakusalimia, na nafurahi umesimama. Mama Kavuo umushukuru kwa niaba yangu.

Njia haitelezi. Uliniuliza vizuri, na nilikujibu vibaya. Sasa soma.

Papa alipokuwa anaishi, alikuwa analima mpaka karibu na ile kaburi na kuizunguka. Kila msimu aliizunguka. Nilimuuliza siku moja kwa nini anaacha udongo muzuri vile, akasema huo si wake. Shamba nzima alisema ni yake, lakini ile sehemu ndogo, hapana. Alipokufa, musalaba wa miti ulikuwa umeshaoza. Msimu wa kwanza nilizunguka kama yeye. Msimu wa pili nilipitisha jembe juu. Hakuna aliyenituma. Papa alizunguka, mimi njo nilipita. Tangu hapo nimevuna maharagwe pale mara sita.

Mawe bapa yaliyokuwa juu, niliyabeba mwenyewe. Nilitengeneza nayo pahali pa kuwekea mitungi ya maji, mbele ya jikoni. Kila asubuhi nimekuwa nasimama juu yake.

Barua yako ya mwezi wa sita ilinikuta nimesimama pale pale. Niliisoma, na nikajua nitakudanganya. Ulipoandika jina Astrid nilimuona vile alivyokuwa mutoto, anakuja kuomba moto kwetu na kipande cha mutungi, maana watoto hawajui mambo ya mupaka. Nikafikiri juu ya thermos. Huyu mutoto alikuwa anakulisha uji saa ile ile mimi nilikuwa napanda juu ya mama yake. Nilishindwa kulala na nilishindwa kuandika.

Jumatatu iliyopita nilimuambia Paul. Alichukua jembe, akaanza kutoa mawe. Tuliyarudisha mawili mawili kwenye mukokoteni wa jirani. Pahali penyewe tulipatafuta siku nzima, udongo ulikuwa umelingana kote. Karangwa, yule muzee aliyekuwa anachunga mbuzi mutoni zamani, njo alituonyesha. Alisimama, akapima na macho kati ya jiwe kubwa la muto na mukuyu uliokatwa, akasema ni hapa. Tumepanga mawe. Tumezungusha miti midogo ili mbuzi wasipite.

Mwambie yote, usipunguze. Mwambie inaonekana sasa, na mbele ya sasa haikuonekana, na ni mimi.

Paul anataka kuchonga musalaba. Nikakaa na kalamu, nikaona sijui niandike nini. Tulikuwa majirani miaka kumi na tisa. Nilimuita Mama Astrid tu. Muulize jina ambayo mama yake alibatizwa nayo.

Pétronille


Walikale, tarehe 1 Septemba 2024

Dada yangu,

Salamu kwako na kwa Paul. Barua yako nilimupa Astrid aisome mwenyewe. Alikaa juu ya gunia la chumvi pale depo, akaisoma mpaka mwisho, akaikunja. Astrid alisema anaenda kuanza kazi ya mchana, akaenda.

Nilifikiri hatarudi. Alhamisi alirudi kama kawaida. Alinikunja muguu, akaninyoosha, akaniambia nimeacha mazoezi na inaonekana. Mbele ya kuaga akasema, "Aliitwa Vestine." Akaomba karatasi, akaiandika, asije akaandikiwa vibaya. Naiweka ndani ya barua hii. Utaujua mwandiko.

Iko na congé, likizo ya kazi, tangu tarehe 12. Baba yake amesema yeye hataweza kupanda tena kilima kile, lakini hamukatazi mutoto. Samy atamubeba kama Kalembe iko wazi. Sikumuomba aje. Nami singeweza kumukataza.

Raphaël


Kashuga, tarehe 2 Oktoba 2024

Mudogo wangu Raphaël,

Nakusalimia kwa moyo wote. Paul iko muzima, Brigitte amerudi masomoni. Samy atakuwa amekuambia kama mugeni alifika salama na kurudi salama. Mimi nitakuambia yaliyo katikati.

Alifika Jumamosi, saa sita. Nilikuwa nimepanga maneno tangu wiki moja. Nilipomuona anashuka kwenye moto, mwembamba, amefunga kitambaa kama mama yake alivyokuwa anafunga, maneno yote nilisahau. Nilimuambia karibu, akaniambia asante Mama Brigitte. Nikamupeleka.

Pale kaburini nilisimama nyuma, mbali. Alipiga magoti, akasoma musalaba, akapitisha kidole kwenye herufi. Kisha akaanza kung'oa majani madogo yaliyoota kati ya mawe. Nilitaka kusema nitang'oa mimi. Baada ya muda, bila kugeuka, alisogea kidogo upande mumoja. Nilielewa, nikapiga magoti pale alipotoka, na tukang'oa wawili. Jua lilikuwa kali.

Nyumbani nilimupikia. Alikaa jikoni, si sebuleni, alikataa sebule. Nikamuambia, "Haya mabati juu yako ni ya kwenu."

Aliangalia juu. Akauliza, "Yanavuja?"

Nikasema hapana.

"Basi," akasema, akaendelea kula.

Nilimushukuru kwa ajili yako, Raphaël. Nilifanya hivyo kwa kupiga magoti, kama unavyopaswa kufanya kwa muntu aliyekuokolea mutoto, maana wewe ni mutoto wangu. Aliniinua haraka. Alisema ana wagonjwa wanaokufa, na nilipoandika ile barua ya fromage alikuwa amepoteza wawili katika wiki moja, na alifikiri kuacha kazi. Alisema alibaki siku ulipomupa neno langu, kama amenikalia pahali pangu. Sikujua barua inaweza kufanya kitu kama hicho. Nilifikiri natuma fromage tu.

Mbele ya kuondoka alimusikiliza Paul kwenye kifua, akamuandikia dawa ya kikohozi, akamugombeza kwa tumbako. Paul alitii. Mimi nimemuambia miaka ishirini.

Juu ya shamba hakusema neno, na mimi sikusema. Sikutaka afikiri nauza ao nanunua kitu. Lakini kesho yake nilienda chini na Paul, tukatafuta mashimo ya ile miti ya mupaka ambayo Papa aling'oa mwaka ule. Tumeyakuta karibu yote. Mwezi wa kupanda umefika, na tumepanda mpaka pale tu. Paul aliniuliza mara moja tu tutakula nini. Nilimuambia tutapanda mihogo juu ya kilima na tutaona.

Sehemu ile ingine, ya upande wao, tumeilima, tumeivunja udongo, tumetoa majani, na tumeiacha hivyo, bila mbegu. Watu wanaopita kwenda mutoni wanasimama. Wananiuliza kwa nini udongo muzuri vile haupandwi na mvua imeanza.

Nawaambia iko na mwenyewe.

Dada yako,
Pétronille